Ati Unasomea Kuongea?

Kila nikisema kwenye video kwamba niliacha chuo, lazima mtu aje aandike, "Poa sana, digrii ni karatasi tu." Anapata laiki mia mbili. Wasee, wacha leo niwaambie wazi: mimi si shahidi wenu. Niliacha chuo mwaka wa pili juu karo ilikwama. Basi. Sikutoroka masomo. Na kozi niliyokuwa nafanya, mawasiliano na vyombo vya habari, ndiyo ile watu wa kwetu Olenguruone huiita "kusomea kuongea".

Naandika hii kwa sababu ya anko. Binti yake amemaliza kidato cha nne, amepata alama si mbaya, na ameamua anataka kozi ileile. Anko akanipigia Jumapili jioni. Anajua mimi ndiye msichana huyo anamsikiza, kwa hivyo alitaka nitumike. "Kijana yangu, mwambie achukue uuguzi ama ualimu. Hii yenu ya kuongea, hata mimi naongea na sijaenda chuo."

Mnacheka, lakini anko si mjinga. Karo ya huyo msichana itatoka kwa bonasi ya majani chai, na bonasi ni kitu unangoja mwaka mzima ukiamka saa kumi na moja kwenye ile baridi ya kwetu. Ameona vijana wa media wamerudi nyumbani na vyeti wanaendesha bodaboda. Anasoma magazeti pia. Vyombo vikubwa vya habari Kenya vimefuta watu mara kadhaa miaka hii kumi. Hayo yote nilimwambia ni kweli. Sikumwambia kuna kazi zimejaa mahali.

Lakini nilimwambia hivi: anko, sisi watu wa Olenguruone ndio wa mwisho kucheka mtu anayesomea maneno.

Anza na zamani. Mimi ni Mkipsigis na hii si historia ya jamii yangu, lakini ni ya udongo ninaokanyaga nikienda dukani. Mwaka wa 1941 serikali ya kikoloni ilianzisha makazi hapa kwa Wagikuyu waliokuwa wameondolewa kwa ardhi ya Wamaasai. Serikali ikasema nyinyi ni wapangaji, mnalima kwa masharti yetu, hata urithi wa shamba tutawaambia unaenda kwa nani. Wao wakasema hapana, sisi ni wenye shamba, hii ni fidia ya ardhi mlizotunyang'anya kwetu. Ona vile ugomvi mzima umekaa juu ya neno moja, mpangaji au mwenyewe. Wakala kiapo cha umoja, na si wanaume peke yao, hata wanawake na watoto. Kufikia 1950 walikuwa wamefurushwa, wengi wakapelekwa Yatta kule Ukambani. Wanahistoria wengi wakieleza Mau Mau ilianza vipi, lazima wapitie kiapo cha Olenguruone. Yaani kijiji ambacho hata ramani ya simu inakitafuta kwa shida kilisaidia kuwasha vita vya uhuru, na silaha ya kwanza ilikuwa watu kusema maneno mamoja pamoja.

Hiyo darasani sikuwahi kuambiwa. Niliisoma mwenyewe nikiwa nimeshatoka chuo.

Sasa kuja huku karibu. 1992 kulikuwa na vita vya kikabila kwetu, Molo, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa. 2007 kuingia 2008 tena. Mimi hiyo ya pili nilikuwa mtoto, nakumbuka tu tulilala tumevaa viatu. Lakini karibu na nyumbani kuna msingi wa nyumba, mawe tu yamebaki, na mti wa plamu ambao hadi leo unazaa. Tulikula zile plamu miaka yote bila kuuliza ni za nani. Kogo yangu anajua ni za nani. Akisikia mwanasiasa redioni, hata kama anaongea mambo ya barabara, anazima. Hasemi kitu. Anazima tu, anaendelea kuchambua mboga.

Kabla ya panga kulikuwa na maneno, na maneno yenyewe yanajulikana. Madoadoa. Kwekwe. Mwaka wa 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi, na hayo mawili yalikuwa ndani, miaka thelathini baada ya 1992. Januari mwaka huohuo seneta mmoja alisimama kwa mkutano Eldoret, akataja madoadoa, akakamatwa. Watu wengine wakatetea ati ni neno la kawaida, lina shida gani.

Hapa ndipo yuniti yangu moja ya balagha ilinishika. (Ndiyo, Kiswahili kina neno lake, balagha, usijikaze kutafuta la Kizungu. Ni elimu ya vile maneno yanavyosukuma watu.) Mhadhiri aliingia siku hiyo akaandika ubaoni neno moja: KWEKWE. Akauliza, "Mkulima akiona kwekwe kwa shamba anafanya nini?" Darasa likajibu anang'oa. "Ana hasira na hiyo kwekwe?" Hapana. "Akimaliza kung'oa anajisikiaje?" Kijana mmoja wa Nyandarua aliyekuwa anakaa nyuma, na hakuwa anapenda kuongea, akasema, "Anajisikia amefanya kazi."

Manze, lile darasa lilinyamaza.

Kwa sababu hapo ndipo sumu ilipo. Neno kama hilo halikuambii uchukie jirani. Linakuambia wewe ni mkulima mzuri, na kuna kazi ya shamba haijaisha. Na ukiliambia hivyo eneo la wakulima, watu wenye jembe nyuma ya mlango, hauhitaji kumaliza sentensi. Madoadoa inafanya vilevile, ila hiyo inaongea na mtu wa kufua nguo. Nikakumbuka ule mti wa plamu. Nilikuwa nimeishi karibu na jibu miaka kumi na tisa na sikuwa na swali.

Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu za baada ya uchaguzi, iliandika mwaka wa 2008 kuhusu redio za lugha za mama na vile zilivyochochea watu. Kesi moja ilifika mpaka The Hague. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa pamoja na William Ruto, kesi ikaanza Septemba 2013, na Aprili 2016 majaji wakaisimamisha. Hakuna aliyepatikana na hatia, na sitaki mtu aseme nimesema vingine. Ninachosema ni hiki: dunia ilikaa karibu miaka mitatu mahakamani ikijaribu kusikiliza kipindi cha redio cha Kikalenjin na kuamua neno fulani lilimaanisha nini. Wakalimani, mashahidi, mawakili. Hiyo kazi yote ni ya watu waliosomea kuongea, anko.

Sasa kuna kitu lazima nilalamike, na sitataja chuo. Tulifundishwa mambo ya Aristotle wiki nne. Sina shida na mzee. Yale matatu yake yanafanya kazi hata TikTok: watu wanakuamini, watu wanahisi kitu, watu wanaona hoja inashikana. Lakini hakuna siku hata moja tuliambiwa kuhusu kokwet. Kwetu wazee wa kijiji wakikaa chini ya mti kuamua kesi ya mpaka au ng'ombe, kuna mpangilio. Yule boiyot wa kokwet haanzi kwa kupiga kelele. Anaacha kila mtu amwage yake, halafu anasema kile ameona wengi wamefikia, kwa njia ambayo hata aliyeshindwa anaweza kwenda nyumbani bila aibu. Hebu niambie ni kitabu gani kinafundisha hiyo bora kuliko babu yangu. Chuo kingemleta yule mzee darasani, hata kwa nauli tu, tungejua balagha si ya Wagiriki peke yao.

Marekani kuna vyuo vidogo ambavyo mtu anachanganya masomo, biolojia na falsafa na muziki, kabla hajaamua. Kingine, Lewis & Clark kule Portland, kina idara nzima ya balagha na media. Na usiseme ni mambo ya mbali, kwa sababu pale Iten, Bonde la Ufa hilihili, mradi wa KenSAP umekuwa ukipeleka vijana werevu kwa vyuo vya aina hiyo tangu 2004. Mimi sitamani Marekani sana. Natamani ule mchanganyiko. Kwetu ukishapewa kozi na miaka yako kumi na minane, umefungiwa humo. Mwenye kusoma kilimo hasomi hotuba, mwenye kusoma hotuba hajui bei ya chai inapangwaje Mombasa kwa mnada. Halafu mwanasiasa anakuja kwa wakulima wa chai na hotuba, na hakuna mtu kwa huo mkutano anayeweza kushika pande zote mbili.

Na kazi ipo, hata kama ni ile chafu. Mwaka wa 2021 Mozilla walichapisha uchunguzi kuhusu watu wanaolipwa Kenya kusukuma hashitagi za uongo. Malipo yalikuwa kama dola 10 hadi 15 kwa siku. Mwaka jana mtu nisiyemjua alinitumia ujumbe, shilingi elfu mbili kwa siku, siku tano. Akatuma na mistari ya kusema. Nilikaa nikaisoma vile tulifundishwa, na kalamu. Neno "wenyeji" lilikuwa mara tisa. "Wageni" mara sita. Hakuna mahali palisema wenyeji ni nani wala wageni wametoka wapi. Si lazima iseme, msikilizaji atajaza mwenyewe. Nilikataa, nikatengeneza video ya dakika mbili kuhusu neno "wageni". Ilitazamwa na watu elfu moja na mia moja. Video yangu ya kuonyesha vile watu wa kwetu huvaa sweta tatu Januari ilifika elfu tisini. Sawa. Ndiyo soko.

Lakini elfu mbili kwa siku ni pesa, na sisi wengi hatuna. Mtu ambaye hajawahi kufundishwa kuona ile "wageni" ilivyopangwa ataisoma kwa sauti nzuri, apokee kwa simu, alipe nyumba. Uchaguzi wa 2027 unakuja na hizo jumbe zinaandikwa tayari.

Anko alinisikiza. Halafu akasema, "Hayo ni ya siasa. Mimi nauliza kazi."

Nikamuuliza kama anakumbuka Butere Girls. Anakumbuka, ilikuwa hapa hapa Nakuru, Aprili 2025, tamasha la kitaifa la drama. Mchezo wao *Echoes of War*, ulioandikwa na Cleophas Malala, ulikuwa umeondolewa kwa mashindano, Mahakama Kuu ikaamuru wacheze. Malala akakamatwa usiku wa kuamkia siku ya onyesho. Wale wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Hawakucheza, mwelekezi wao hayupo. Na nje kulikuwa na polisi na gesi ya kutoa machozi, kwa mchezo wa watoto wa shule. Mimi kile kilinikaa ni ule wimbo. Watu wazima wamekuzuia kusema, unachagua maneno ambayo hakuna askari anaweza kukushika kwa kuyasema, unayasema, unaenda. Kama hiyo si balagha sijui ni nini, na sidhani kuna mtu aliwapa mtihani.

"Hao walikuwa wajanja," anko akasema. Nikajua amelegea kidogo.

Lakini hajakubali, na sitawadanganya. Ameniambia atangoja bonasi aone imekuja ngapi, na kabla ya hapo anataka nimpe majina ya kazi, si hadithi. Mimi nimemwahidi sehemu ya kile nitaingiza, kidogo, kikishakatwa ile asilimia tano ya ushuru wa kontenti tuliyowekewa 2023. Daftari langu la ile yuniti nimelituma kwa matatu ya Olenguruone, binamu yangu amelipata, ameshaanza kuniuliza maswali ambayo mengine sina majibu, juu niliondoka kabla ya kufika hapo.

Kwa hivyo naomba hivi. Kama ulisoma hii kozi ukamaliza, chuo chochote, Kenya au nje, niandikie unafanya kazi gani sasa hivi, ilikuchukua muda gani kuipata na unalipwa ngapi. Nitamsomea anko zote, hata zile mbaya. Namba za ukweli tafadhali, za kujishaua wekeni kwa LinkedIn.