Gitaa la Mjomba

Mjomba wangu hakupata kumwona Mbaraka Mwinshehe. Alimsikia tu. Katika miaka ya 1970, pale Kitangari, aliuza korosho za msimu mzima akanunua redio ya betri. Betri zilipochoka alizianika juani, na jioni alikaa chini ya mkorosho akifuata gitaa la Mbaraka kupitia Radio Tanzania. Gitaa lake mwenyewe alikuwa amelitengeneza kwa galoni ya mafuta ya kula. Nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli, baiskeli ileile aliyoteremkia kutoka Newala. Bibi hakumsamehe kwa hilo, wala kwa galoni, kwa kuwa uwandani kwetu galoni ni chombo cha maji, na maji ni jambo zito.

Wanafunzi wangu huniuliza mwalimu wa siasa anatafuta nini katika magitaa. Natafuta jasho la mtu lilikwenda wapi.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 na kukulia kimuziki katika mji wa Morogoro, wakati bendi mbili zikiugawa mji huo: Morogoro Jazz, aliyojiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye masikio yake yalifunzwa na santuri za Kuba. Kutoka Kongo yalikuja magitaa ya Franco na Dokta Nico. Mbaraka aliyasikiliza yote hayo, kisha akalifanya gitaa la solo lizungumze Kiswahili: taratibu, likirudia neno kama mzee anayehakikisha kwamba ameeleweka. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipeleka muziki huo kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani. Mwaka 1973 aliondoka, akaunda Super Volcano.

Lakini nyimbo zake zilipotakiwa kuwa santuri, zilikwenda Nairobi. Nchi iliyohubiri kujitegemea, nami ni mtoto wa mahubiri hayo na siyakebehi, haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Tuliuza korosho ghafi ng'ambo zikabanguliwe huko. Muziki nao tuliuuza ukiwa ghafi. Redio ya taifa ilimfikisha Mbaraka hadi chini ya mkorosho wa Kitangari, na kwa hilo naishukuru. Hata hivyo, chombo cha kukusanya mirabaha ya wasanii, COSOTA, kilitokana na sheria ya mwaka 1999. Mbaraka alikuwa amefariki Januari 1979, katika ajali ya gari huko Mombasa. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, hesabuni wenyewe: miaka 20.

Habari za kifo zilitufikia wakati taifa likiwa katika vita vya Kagera, na watu wazima walikuwa na vifo vingine vya kuhofia. Mjomba hakusema kitu. Kwa siku kadhaa hakuwasha redio. Kisha alizifungua zile waya, akazirudisha kwenye baiskeli, na galoni akampelekea dada yake mkubwa, mama yangu, ampe Bibi.

Bibi aliigeuza, akaitazama. Katikati ya ubavu mjomba alikuwa ametoboa tundu la kutolea sauti, pana kama kiganja. Haikushika maji tena.