Jicho Halioni Ndani ya Godoro

Sisi wakazi wa Kizota twaulizwa mara nyingi na jamaa zetu wa vijijini: "Huko mjini kwenu vitu hununuliwa wapi kwa bei nafuu?" Zamani jibu lilikuwa jepesi, maana mji ulikuwa mdogo. Lakini tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na mji kufanywa jiji mwaka 2018, maduka yameongezeka mno. Yako ya vioo yenye midoli iliyovishwa suti, ziko supamaketi, yako masoko, na wako wamachinga. Mgeni mwenye fedha kidogo aweza kuzimaliza kabla hajajua yuko wapi.

Mimi ni karani wa parokia, na watu hudhani kwamba mwenye kuandika hesabu ajua pia kununua. Ndiyo sababu dada yangu, ambaye ni mjane, aliniletea fedha za mbuzi wawili aliowauza mnadani, pamoja na fomu ya kujiunga ya binti yake, aliyechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Ada katika sekondari za serikali, kidato cha 1 mpaka cha 4, iliondolewa mwaka 2016, na wengi tumepata nafuu. Lakini fomu ilitaka godoro, tranka, shuka, ndoo, viatu vyeusi, sare mbili, madaftari, jembe na fagio. Mbuzi wa tatu hakuwapo.

Basi nilifuata kanuni moja, nayo ndiyo nitakayo kuwapa. Kitu ambacho jicho na mkono vyaweza kukichunguza chote, kinunue sokoni. Kitu ambacho ubaya wake umefichika ndani, kinunue dukani, kwa mtu mwenye mlango na risiti.

Shuka tulizipata Sabasaba, kwenye mitumba. Shuka hukunjuliwa na kuinuliwa juani, na palipochakaa huonekana mara moja. Usione haya kukunjua. Muuzaji amezoea, na mwenye haya hurudi nyumbani na tobo. Ndoo na fagio tulinunua katika soko la wamachinga, Barabara ya Bahi, ambalo kwetu Kizota ni karibu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini ndoo ile ile niliyoiona katika duka la vioo niliikuta kwa mmachinga kwa bei ndogo zaidi, maana yeye halipi kodi ya vile vioo.

Godoro ni jambo jingine. Magodoro mawili yaweza kulingana kwa kitambaa na kwa unene, kumbe moja litabonyea kabla muhula haujaisha. Hapo nilikwenda dukani, nikauliza uzito wa sponji na muda wa dhamana, nikadai risiti. Bei ilizidi, lakini mtoto hulala juu ya godoro miaka minne.

Kwenye viatu tulibishana. Binti alisimama mbele ya kioo cha duka moja akaniambia, "Mjomba, wenzangu watanicheka nikivaa mtumba." Sikumkemea, maana kuchekwa kwauma. Niliomba kiatu kile kipya, nikakikunja. Soli ilikuwa imegundishwa tu, wala haikushonwa. Kisha tukaenda kukunja cha mtumba, cha ngozi, kilichoshonwa pande zote. Nilimwachia achague mwenyewe. Alichagua cha ngozi, akakipiga dawa mpaka kikang'aa. Fedha iliyobaki hapo tulinunulia kitambaa kizuri cha sare, akapimwa na fundi cherehani barazani. Nilimwomba fundi aache pindo refu, kwani mtoto hukua.

Kwa chakula, soko la Majengo lajulikana na wote. Shauri langu hapo ni hili: uliza kipimo kabla ya bei. Kisado cha huyu si kisado cha yule, na fungu la nyanya laweza kuwa na nzuri juu na zilizooza chini. Hata mkulima hupunjwa vivyo hivyo akilazimishwa kujaza gunia la lumbesa, ambalo sheria ya vipimo imelikataza.

Msisahau nauli. Soko Kuu la Job Ndugai liko Nzuguni, karibu na stendi kuu ya mabasi. Atokaye Morogoro kwa basi ashukapo hapo amefika sokoni. Lakini mtu wa Kizota hana budi kuvuka jiji lote, na nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu ya bei ya nyanya zake.

Tena angalieni majira. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, mavuno huja kuanzia Mei, na nafaka hushuka bei. Januari chakula ni ghali, na ndipo wazazi wote hukimbilia sare na madaftari. Mwenye kuuza mbuzi mmoja Agosti na kuanza kununua polepole ameshinda yule anayeuza wawili Januari.

Mwisho, ombeni kupunguziwa, lakini kwa kiasi. Mama aliyetuuzia shuka alipunguza mara moja, tukaomba tena, akatuuliza kama twajua kwamba naye ana mtoto wa kidato cha kwanza. Tulilipa bei aliyoitaja.