Kudurusu kwa Daftari Lililofungwa

Miaka michache iliyopita tulikabidhiwa darasa la saba katika shule moja ya kijijini, ikiwa imebaki miezi mitano wanafunzi wafanye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Bidii tulikuwa nayo. Lakini ilikuwa bidii ya mtu apigaye makasia ilhali mashua ingali imefungwa gatini.

Kila jioni tuliwarudisha wanafunzi darasani. Tuliandika muhtasari ubaoni, wakaunakili, wakausoma kwa sauti mara tatu, mara nne, hata makoo yakakauka. Aliyesinzia tulimsimamisha, aliyekosa tulimkemea, na fimbo nayo ilitumika (twaandika haya kwa aibu). Tulidhani hayo ndiyo marudio.

Palikuwa na msichana mmoja ambaye daftari lake lilipendeza kama kitabu kilichopigwa chapa. Katika mtihani wa majaribio alishindwa na wengi waliokuwa wakisinzia. Tulimwuliza kwa ukali alikuwa akisoma nini siku zote hizo. Akajibu: "Mwalimu, nikifungua daftari nayajua yote. Nikilifunga yanapotea." Hatukumsikiliza. Wiki iliyofuata hakuonekana shuleni, na mama yake akatuambia kwamba mtoto amesema kichwa chake hakishiki kitu, afadhali asaidie shambani.

Laiti tungalimsikiliza! Maneno yake yalikuwa sahihi kuliko maandalio yetu ya masomo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885 jinsi tujifunzavyo na kusahau upesi, na jinsi marudio yaliyogawanywa katika siku mbalimbali yanavyofaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Mwaka 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha likajaribu mara tatu kuiandika bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tu walikumbuka asilimia 83, na wenzao 71. Baada ya wiki moja, waliosoma tu walibaki na 40, na wenzao 61. Tena waliosoma tu ndio waliotumaini zaidi kwamba watakumbuka. Ndivyo alivyodanganywa msichana wetu na daftari lake zuri.

Tulimfuata nyumbani. Tuliketi naye chini ya mwembe, daftari likiwa mikononi mwetu, tukamwomba atusimulie safari ya chakula mwilini. Alianza kinywani, akapita kwenye umio, akafika tumboni, akakwama. Tukamfungulia daftari atazame pale tu alipokwamia, kisha tukalifunga, akaanza tena. Mara ya tatu alifika mwisho, akacheka. Hatukumpa nasaha yoyote juu ya umuhimu wa elimu, ingawa tulikuwa tumeiandaa njiani. Jumatatu alikuja shuleni.

Tangu hapo kila asubuhi tuliuliza maswali matano: mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Waliandika majibu kwenye karatasi chakavu, wakasahihishana papo hapo, wala hatukuziingiza alama katika kitabu chochote, maana mtoto anayeogopa alama huchungulia kwa jirani. Swali la kuchagua jibu tuliliuliza kwanza bila kuonyesha machaguo. Mwalimu mwenzetu alinung'unika kwamba darasa limekuwa kimya mno, kana kwamba marudio hayana budi kusikika hadi barabarani.

Lakini jambo moja lilitushinda kwa njia hii. Katika sehemu za hesabu, wengi walikosa swali lile lile siku nne mfululizo. Hawakuwa wamesahau, hawakupata kuelewa kamwe kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo. Hapo kuuliza hakufai kitu. Ilitubidi tukate chungwa na kufundisha upya, somo la darasa la nne mbele ya watoto wa darasa la saba, mitihani ikiwa imekaribia.

Yule msichana alifaulu, si kwa alama za juu. Siku ya kuchukua matokeo alikuja na mdogo wake wa darasa la tano, akiwa amelishika daftari la mdogo wake huyo, limefungwa, naye akimwuliza maswali njia nzima.