Tangu Tukivuna Ndengu

Jumanne, 3 Agosti 2021
Wadi imejaa, wengine wako kwenye viti. Saa tisa usiku wameleta mzee wa Ikutha. Wamevuka Athi kwa Probox kuja huku Makueni, oksijeni 81. Mchana kipimo kimesema Covid. Tumemweka kwenye mashine ya oksijeni, deksamethasoni, seftriaksoni, azithromaisini. Hizo mbili za mwisho siku hizi naziandika kabla sijakaa. Kila mtu anazipata, kama chai ya wadi.

Ijumaa, 6 Agosti
Zamu ya usiku. Sista ameniuliza mbona tunadunga dawa za bakteria kwa ugonjwa wa virusi. Nimemrudisha 1918. Homa ile ya mafua ilishukia Mombasa ikapanda na reli, na reli ndiyo hii ya Kibwezi na Makindu. Mwaka 2008 Wamarekani walichunguza upya vipande vya mapafu ya watu 58 waliouawa na homa hiyo, na karibu wote walikuwa na nimonia ya bakteria. Virusi huharibu vinyweleo vinavyofagia makohozi kutoka kifuani. Ufagio ukishakwenda, bakteria waliokuwa wamejikalia puani bila kumdhuru mtu huteremka.

Amenisikiliza mpaka mwisho. "Sasa daktari, huyu wa kitanda cha nne, hao bakteria anao?"

Hatujampima. Nimejifanya naangalia dripu.

Jumatatu, 9 Agosti
Homa ya mzee haishuki. Leo nilimkalisha nimsikilize mgongo, suruali ikashuka yenyewe. Mshipi una matundu matatu yaliyotobolewa kwa msumari. La kwanza limeshachakaa na kupanuka. La tatu ni jipya kabisa. Covid ya wiki moja haimkondeshi mtu hivyo.

Wageni hawaruhusiwi, kwa hiyo nimemfuata mkewe getini.

"Mwaitu, mzee alianza kukohoa lini?"

"Tangu tukivuna ndengu."

Ndengu za Februari! "Na hukumwambia mtu?"

"Nilikuambia wewe, daktari, usiku ule. Ukaandika." Akatazama chini. "Tulidhani ni moshi." Moshi wa nini, hakusema. Makaa Kitui yamepigwa marufuku tangu 2018, na mimi sikumbana.

Nimerudi kwenye faili. Mwandiko ni wangu: kikohozi, miezi sita, na alama ya kuuliza mbele yake. Kisha jibu la Covid likaja, nami nikafunga maswali. Karibu wiki nzima nimempa deksamethasoni, dawa ya kulegeza kinga, juu ya TB isiyotibiwa. Na ile seftriaksoni yote niliyomdunga TB haiitikisi.

Jioni kipimo cha makohozi, GeneXpert, kimethibitisha. Afadhali rifampisini bado inaiweza.

Jumanne, 17 Agosti
Anapumua bila mashine. Alfajiri amemwita sista kwa kelele: mkojo umekuwa rangi ya chungwa, anadhani ni damu. Tumecheka naye. Ni rifampisini, na atakojoa hivyo miezi sita.

Kisha ikanijia kumwuliza analala na nani. Wajukuu wanne, chumba kimoja. Nimempigia mhudumu wa afya wa kijiji chao wapimwe wote, mdogo awe wa kwanza.

Jumamosi, 27 Aprili 2024
Tuko kwenye mgomo, mvua haikatiki, nasoma. Jana Shirika la Afya Duniani limetoa hesabu yake: kati ya waliolazwa kwa Covid, asilimia 8 tu ndio waliokuwa na bakteria wa kuhitaji antibiotiki. Waliopewa ni kama asilimia 75.

Nimeifungua shajara hii kurasa za Agosti ile, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Sioni hata mmoja ambaye sikumwandikia seftriaksoni. Makohozi niliyoyapeleka maabara ni ya mzee wa Ikutha peke yake.