Komba wa Mlima Meru

Mchana, katika misitu ya Mlima Meru, enzi ni ya mbega na kima. Mgeni atokaye Arusha mjini kwenda katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa Ngurdoto mwaka 1960 huwaona juu ya miti, akafurahi, akarudi akidhani kuwa amekwisha kuuona ukoo mzima. Kumbe mdogo wao bado amelala.

Mdogo huyo ni komba, jamaa yao wa mbali. Yule wa misitu ya mlimani hukaribia gramu 800. Yule wa migunga ya nchi kavu iliyo chini ya mlima hana zaidi ya gramu 200 au 300. Macho yake ni makubwa kupita kiasi cha uso wake, na mkia wake umeshinda kiwiliwili kwa urefu.

Katika Kiswahili jina lake limefungamana na ulevi. Pwani alikutwa katika minazi akinywa tembo lililokingwa na wagema, akalewa hata akashikwa kwa mkono. Tangu hapo mlevi wa kupindukia husemwa kuwa amelewa kama komba. Hivyo ndivyo kosa la usiku mmoja linavyoweza kuwa sifa ya kabila zima. Lakini mwenye kutaka kumhukumu kwa haki hana budi kutazama siku zake nyingine.

Jua likichwa, komba huamka katika tundu la mti au kichaka cha majani alimolala pamoja na jamaa zake, kisha kila mmoja hushika njia yake. Hulowesha viganja na nyayo kwa mkojo wake mwenyewe, apate kushika tawi vizuri na kuacha harufu ya kujulisha kuwa amepita. Yule mdogo wa migunga huruka juu zaidi ya mita 2, na apitapo penye miiba hukunja masikio kama mtu akunjavyo mwavuli. Huwadaka panzi na nondo kwa mikono. Kiangazi wadudu wakiadimika, haombi wala haibi: hukwangua gundi ya migunga kwa meno yake ya mbele yaliyopangika kama kitana, akaishi kwa hiyo mpaka mvua irudi.

Mama huchukua mimba miezi 4 hivi, akazaa mtoto mmoja au wawili. Huwabeba kwa kinywa, akamweka kila mmoja penye tawi la siri wakati atafutapo chakula, kisha akawarudia. Je, mlevi ana kumbukumbu kama hiyo?

Kilio cha komba hufanana na cha mtoto mchanga, na Waingereza walimwita mtoto wa kichakani. Lakini kilio hicho si cha kuomba msaada. Huenda ni onyo la hatari, au tangazo kwamba mahali pale pana mwenyewe. Kila aina ina sauti yake, na wataalamu wa leo huzitenga aina kwa kusikiliza. Kwa njia hiyo komba wa Rondo, wa kusini mwa Tanzania, mwenye gramu 60 tu, alitambuliwa miaka ya 1990 kuwa ni aina ya peke yake.

Basi sikio ndilo shahidi bora wa komba, nalo laweza kutoa ushahidi juu ya wanadamu pia. Arusha inapanda mlimani mwaka baada ya mwaka. Panapojengwa nyumba au kukatwa kuni, mti huondoka. Komba hawezi kuishi pasipo mti, na mti huo ndio unaohifadhi maji ya Mto Themi upitao katikati ya mji. Siku kilio kile kitakapokoma, wapo watakaoshukuru kwa kupata usingizi, wasijue kuwa walichopoteza ni zaidi ya kelele.