Shoka Ndani ya Bawa

Aliyekosea kumtambua nzi yule ni mimi, si simu. Simu ilinionyesha kila kitu.

Mzee mmoja mfugaji, boma lake liko kando ya pori la Saadani, alinitumia picha saa tatu usiku: nzi wa kahawia katulia ubavuni mwa ng'ombe. "Mwanangu, huyu ni mbung'o au siye?" Mimi bwana mifugo wa miaka mingi nikajibu chai haijapoa: "Siye, mzee. Huyo chafuo tu. Ondoa samadi zizini."

Nilichotazama ni mabawa. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Wa pichani mabawa yake yalikuwa mafupi, yameachana kidogo, kingo zimechanikachanika kama mkeka mkuukuu. Mdomo ulitokeza mbele, naam, lakini wa chafuo nao hutokeza. Nikaweka simu chini, nikalala.

Baada ya mwezi na nusu niliitwa. Mitamba wawili wamekonda hadi mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama, mmoja ametupa mimba. Tukaweka damu chini ya hadubini: vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, vinajinyonganyonga kati ya chembe za damu. Mtamba mmoja hatukumuwahi.

Usiku ule nikaifungua tena picha, nikaikuza mpaka bawa likajaa kioo. Katikati kabisa, kijichumba kati ya mishipa chenye umbo la shoka. Hiyo ndiyo alama ya mbung'o, na kwa kuwa haiko ukingoni, bawa laweza kuchakaa sana nayo ikabaki. Kilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Linaloniuma zaidi ni kwamba uchakavu ule niliusoma kinyume. Bawa la nzi haliponi, likichanika limechanika. Jackson, mtafiti wa mbung'o huko Tanganyika, mwaka 1946 aliyagawa mabawa katika madaraja 6, la 1 zima, la 6 limekwisha, ili kukisia umri wa nzi. Ni makisio ya kundi zaidi kuliko ya nzi mmoja, maana mmoja huenda kapenya miiba mingi kuliko mwenzake. Haya nilifundishwa chuoni, nikayajibia na mtihani! Na nzi mkongwe ndiye wa kuogopwa, kwani aina kadhaa za vimelea huhitaji wiki 2 au zaidi kukomaa ndani yake. Mimi uzee wake ndio niliotumia kumwachia huru.

Nilikwenda kwa mzee nikamweleza, sikupunguza neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama zizi, kisha akauliza kama nimekula.

Juzi katuma picha nyingine, nzi ana bawa lililomeguka. Nilimwomba amkamate amtie kwenye chupa, nikapanda bodaboda.