"Pole" si "Nisamehe"

Waingereza wana maneno mafupi, "I am sorry", nao huyatumia penye kosa na penye msiba pia. Sisi walimu twaijua taabu yake. Kijana mmoja wa hapa Mwigobero alikwenda matangani, akamshika mfiwa mkono, akasema, "Nisamehe, mama." Wazee wakatazamana. Amemkosea nini? Au ana habari ya kifo hiki? Ikabidi shangazi yake asimame kueleza, nayo haikuwa kazi nyepesi mbele ya watu wenye uchungu.

Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. "Pole" ni ndugu yake upole; twampa aliyepatwa, hata kama hatukumtenda neno. Gunia la mtu likianguka majini pale penye kivuko cha kwenda Kinesi, abiria wote humpa pole, bali aliyelisukuma ndiye apasaye kusema "nisamehe". Akisema pole tu, watu humwona ana macho makavu, nasi twaona wana haki. "Samahani", neno lenye asili ya Kiarabu, latosha kwa kumkatiza mtu maneno.

Kufasiri hakuishi mara moja. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963, kisha akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969.

Na Mwingereza asiposikia vema, husema "sorry" vilevile! Hapo pole haifai kabisa, twaandika, "Wasemaje?"